Prosesi mtoto akifa, mzazi anapataje habari? Zombi, wait na SIGCHLD

Kuna dogo ana stationari pale Mwanga, Kigoma mjini, anapiga na kuchapa picha za pasipoti, wateja wake wengi ni watu wanaovuka kwenda Kalemie au Bujumbura. Kaweka kompyuta ya mezani yenye Ubuntu inayopokea picha kutoka kwenye simu, na kila picha ikiingia programu aliyoiandika mwenyewe kwa Python inazaa prosesi mtoto (prosesi ni programu ikiwa inaendeshwa) wa kuikata na kuipunguza saizi. Juzi kanitumia skrinshoti ya `ps`, ile amri inayoorodhesha prosesi, mistari kibao imeandikwa `<defunct>`, na chini yake swali: "Kaka, hawa nimewapiga kill -9 weee na hawafi, ni virusi?"

Sio virusi dogo. Hawafi kwa sababu wameshakufa. Unachokiona pale sio programu inayofanya kazi, ni taarifa ya kifo tu, kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, imeitunza inamsubiri mtu mmoja aje aisome, na huyo mtu ni programu yako wewe iliyowazaa. Watu wengi wanajifunza haya mambo vipande vipande, leo `wait`, kesho SIGCHLD, keshokutwa mtu anawaambia habari za yatima na prosesi namba 1, inakuwa kama ni vitu vinne visivyojuana, wakati vyote vinatoka kwenye ahadi moja ambayo kerneli imeiweka: habari ya mtoto haipotei mpaka mzazi aichukue au mzazi mwenyewe aseme haitaki. Tuanzie hapo.

Kwenye Unix na ndugu zake, yaani Linux, macOS, FreeBSD na wenzao, prosesi mpya anapatikana kwa prosesi aliyepo kujinakili. Unaita `fork()`, ukitoka hapo mko wawili mnaendesha kodi ile ile, tofauti ni jibu tu: mzazi anarudishiwa namba ya mtoto, ndo hiyo PID, na mtoto anarudishiwa 0. Mara nyingi mtoto hapo hapo anaita `exec` anageuka kuwa programu nyingine kabisa, lakini namba yake ni ile ile na mzazi wake ni yule yule. Wazo la fork aliliandika Melvin Conway mwaka 1963, Ken Thompson na Dennis Ritchie wakaja kulitumia kwenye Unix pale Bell Labs, na kitabu cha kwanza cha maelekezo ya Unix, cha Novemba 1971, tayari kina `fork` na kina `wait`. Zimekuja pamoja toka mwanzo. Ukitumia moja ukaiacha nyingine unapata skrinshoti kama ya dogo.

Sasa mtoto anakufaje? Njia ni mbili tu. Ama kamaliza mwenyewe, kaita `exit` na namba fulani au kafika mwisho wa `main`, ama kauawa na signali, yaani ujumbe mfupi wenye namba ambao kerneli inamfikishia prosesi, labda kagusa rami isiyo yake, labda mtu kampiga `kill`, labda kerneli yenyewe imemmaliza kwa sababu rami ya mashine imeisha. Kwa vyovyote kerneli inaanza kufagia: inafunga mafaili yake, inarudisha rami yake yote, inaachia kila alichokuwa amekishika. Inabakiza karekodi kadogo tu, namba yake, sababu ya kufa kwake, na hesabu ya CPU aliyotumia. Hicho kilichobaki ndo zombi, kwenye `ps` utakiona na herufi Z kwenye safu ya STAT, na `top` ina hesabu yao kabisa pale juu.

Kwa hiyo wale wanaosema zombi wanamaliza rami, hapana. Zombi mia tano hawafikii hata rami ya tabu moja ya brauza. Wanachokula ni namba. Kwenye Linux faili la `/proc/sys/kernel/pid_max` linakwambia mwisho wa namba, kiasili ni 32768, kwenye mashine za biti 64 inaweza kupandishwa mpaka 4194304 na siku hizi Linux nyingi zinakuja imeshapandishwa, ila kila yuza naye ana kikomo chake cha prosesi na zombi nao wanahesabiwa humo. Siku kikomo kikifika `fork` inakataa, inarudisha kosa la EAGAIN, na kwenye terminali unaona "Resource temporarily unavailable" wakati rami ipo na CPU imelala. Hapo ndo watu wanazima mashine na kuwasha, inapona, wanasema "ilikuwa imechoka tu".

Kwa nini kerneli isiitupe tu hiyo rekodi? Fikiria mzazi yuko bize, anasoma faili, anaongea na database, hajaitwa. Mtoto kafa saa hii. Mzazi atauliza baada ya sekunde moja au baada ya masaa sita, kerneli haijui. Ikitupa, mzazi akija kuuliza "yule niliyemtuma picha ya pasipoti alifanikiwa?" hamna wa kumjibu. Ikimvamia mzazi katikati ya kazi imlazimishe kupokea, inaharibu alichokuwa anafanya. Basi inatunza. Na kuna faida nyingine ambayo wengi hawaioni, ile PID haiwezi kupewa mtu mwingine wakati zombi bado yupo. Mzazi akiwa na namba 4812 mkononi na hajamsoma huyo mtoto, ana uhakika 4812 ni mtoto wake, hai au maiti, hawezi kutuma `kill` ikaenda kumpiga prosesi wa watu. Zombi analinda namba yake. Mimi naona jina lenyewe limemuonea, mtu akisikia zombi anafikiria kitu cha hatari wakati hapo kerneli inatimiza wajibu wake.

Kusoma rekodi ni `wait`, au `waitpid` ukitaka kumtaja mtoto fulani. Ukiita na mtoto bado yuko hai, mzazi analala mpaka mmoja afe. Akishakufa unapewa vitu viwili, namba yake na hali yake, na papo hapo kerneli inafuta rekodi, zombi kaondoka. Jaribu hii:

```python
import os
pid = os.fork()
if pid == 0:
    os._exit(3)
nani, hali = os.wait()
print(nani == pid, hali)
```

Utapata `True 768`. Mtu anashangaa, mtoto katoka na 3 mbona imekuja 768? Hapa ndo pa kukaa kidogo maana ndo panapochanganya watu kuliko kote.

Hali inayorudi sio namba ya kutokea (exit code, ile 3) peke yake, ni habari mbili zimebanwa kwenye namba moja. Chukua biti 16 uzigawe baiti mbili. Baiti ya juu inabeba namba aliyotoka nayo mtoto, kwa hiyo 3 ikikaa juu inakuwa 3 mara 256, hiyo hapo 768. Baiti ya chini inabeba habari ya kuuawa: biti saba za mwanzo ni namba ya signali iliyomuua, na biti ya nane inasema kama aliacha picha ya rami yake kwenye faili la core. Akimaliza mwenyewe baiti ya chini ni sifuri tupu. Akiuawa na SIGKILL, ile ile ya `kill -9`, unapata 9, kavu. Akiuawa na SIGSEGV, signali ya 11 ya kugusa rami isiyo yake, na core ikaandikwa, unapata 11 jumlisha 128, yaani 139.

Kwenye C usizipasue hizo biti kwa mkono, kuna makro zimewekwa kwa kazi hiyo: `WIFEXITED` inauliza kama alimaliza mwenyewe, ikisema ndiyo ndo unachukua namba na `WEXITSTATUS`, na `WIFSIGNALED` inauliza kama aliuawa, ikisema ndiyo unachukua signali na `WTERMSIG`. Mpangilio ni huo, uliza kwanza afu chukua. Mtu anayekimbilia `WEXITSTATUS` bila kuuliza atasoma 0 kwa mtoto aliyepigwa SIGKILL, baiti ya juu si iko tupu, aandike kwenye logi kwamba kazi imekamilika vizuri kabisa wakati mtoto kafa katikati na picha ya mteja imekatika nusu. Kwenye Python kuanzia 3.9 kuna `os.waitstatus_to_exitcode`, inakupa namba ya kutokea kama alimaliza mwenyewe na inakupa hasi ya signali kama aliuawa, ndo maana ukitumia `subprocess` unakutana na vitu kama -9 na -11.

Afu kuna shelli, programu inayopokea amri zako kwenye terminali, mfano Bash, nayo ina tabia yake. Bash ikisoma kwamba mtoto kauawa na signali haikupi hali mbichi, inakuwekea kwenye `$?` 128 jumlisha namba ya signali. Ctrl-C ni SIGINT, ya 2, unapata 130. SIGTERM ni 143. SIGKILL ni 137. Na SIGSEGV ni 139, namba ile ile tuliyoipata juu! Ila hii 139 ya shelli na ile 139 mbichi hazina undugu, kule juu 128 ilikuwa biti ya core, huku kwenye shelli 128 ni mazoea tu ya kujumlisha hata kama core haikuandikwa. Zimegongana kwa bahati na zimewapoteza watu wengi sana.

Hiyo 137 wanaotumia kontena, yaani wanaofungia programu kwenye chumba chake kwa vitu kama Docker, wanaijua. Watu wakiiona wanasema rami imeisha, na mara nyingi ni kweli kerneli imemmaliza mtu kwa njaa ya rami, lakini 137 yenyewe haisemi nani kaua. `docker stop` nayo inatuma SIGTERM kwanza, inasubiri sekunde 10, programu isipoondoka inapigwa SIGKILL, unapata 137 ile ile na rami iko tele. Tena programu ikiamua yenyewe kuita `exit(137)` shelli haiwezi kukutofautishia, anayeweza ni yule aliyeita `wait` akaangalia biti.

Namba ya kutokea ina baiti moja tu, kwa hiyo 0 mpaka 255. Ukiita `exit(256)` mzazi anasoma 0, mafanikio matupu. Ukiita `exit(-1)` anasoma 255. Kwa hiyo yule anayerudisha idadi ya makosa kama namba ya kutokea, siku makosa yakifika 256 kamili, siku hiyo programu itasemekana haina kosa hata moja. 0 ni sawa, nyingine zote ni tatizo, na shelli imejitengea 127 kwa amri isiyopatikana na 126 kwa faili lililopatikana ila haliwezi kuendeshwa. Na ukiunga amri kwa bomba, mfano `cat wateja.txt | grep Ujiji | sort`, hao ni watoto watatu wa shelli lakini `$?` inakupa ya wa mwisho tu, `sort` akifanikiwa basi imekuwa sawa hata kama `cat` hakuliona faili. Kwenye bash weka `set -o pipefail`, au angalia `PIPESTATUS` ina majibu ya wote watatu.

Turudi kwa mzazi. `wait` inamlaza, na seva haiwezi kulala kusubiri picha moja wakati foleni ipo. Kuna `WNOHANG`, unaita `waitpid` nayo, mtoto akiwa amekufa unapewa namba yake, watoto wakiwepo ila hajafa mtu unapewa 0, na ukiwa huna mtoto kabisa unapata -1 na kosa la ECHILD. Unaweza kuita hiyo kila baada ya muda, inafanya kazi, ila ni kuuliza uliza tu bila kujua kama kuna cha kuuliza. Ndo ikaja SIGCHLD: mtoto hali yake ikibadilika kerneli inamtumia mzazi signali.

Hapa watu wanakosea wakidhani SIGCHLD ndo yenyewe habari. SIGCHLD ni hodi. Mtu kapiga hodi mlangoni, hujui ni mmoja au watano, hujui wamekuja na nini, mpaka ufungue. Signali za kawaida hazipangi foleni: kama SIGCHLD moja iko njiani bado haijapokelewa na watoto wengine wawili wakafa, hizo mbili zinamezwa na ile ya kwanza, unasikia hodi moja. Ukiandika handla, yaani kipande cha kodi kinachoitwa signali ikiingia, inayoita `wait` mara moja kwa kila signali, siku ya watu wachache itaonekana iko poa, afu ikifika asubuhi boti zinajaza watu Kibirizi wote wanataka picha kwa mpigo, watoto wanakufa pamoja, wewe unasoma mmoja, wanne wanabaki zombi. Dawa ni lupu, fungua mlango uendelee kupokea mpaka waishe:

```c
void hodi(int s) {
    int hali, zamani = errno;
    while (waitpid(-1, &hali, WNOHANG) > 0)
        ;
    errno = zamani;
}
```

Ile `errno`, mahali inapokaa namba ya kosa la mwisho, inatunzwa kwa sababu handla inaweza kuingia katikati ya kazi nyingine iliyokuwa inataka kusoma `errno` yake, ukiivuruga utatafuta kosa usilijue. Na kodi kuu nayo ijiandae, kuna sistimu koli, yaani maombi ya programu kwa kerneli, zinakatizwa signali ikiingia na zinarudisha EINTR, ukiweka `SA_RESTART` wakati unasajili handla nyingi zinajianzisha zenyewe, ila sio zote, `sleep` na `poll` hazimo. Dogo wa Mwanga yeye hakuwa na `wait` popote kwenye kodi nzima, alikuwa anazaa anaendelea na safari, mistari michache ya kupokea watoto kwenye lupu yake kuu ndo alichokuwa anakihitaji.

Kuna kitendawili kimoja nakipenda. Ukisoma maelekezo unaambiwa tabia ya kiasili ya SIGCHLD ni kupuuzwa. Sawa. Afu unaambiwa pia ukisema wazi wazi unaipuuza, yaani unaiweka `SIG_IGN`, watoto wako hawatakuwa zombi kabisa, wakifa wanafutwa hapo hapo. Sasa si zote ni kupuuza? Kumbe kerneli inazitofautisha: ya kwanza hujasema kitu, kwa hiyo labda utakuja kuuliza, inatunza. Ya pili umesema kwa mdomo wako huhitaji habari, basi haitunzi. Hiyo tabia ilitoka System V, tawi moja la Unix, kule signali iliitwa SIGCLD bila H, watu wa BSD, tawi jingine, wakawa na SIGCHLD yao, POSIX, kiwango cha pamoja cha Unix, ikaja kukubali 2001. Bei yake ni kwamba ukija kubadili mawazo ukaita `wait`, inakulaza mpaka watoto wote waishe afu inakupa ECHILD, hamna namba hamna sababu. Na angalia hii, kupuuza kunavuka `exec`. Mzazi aliyeweka `SIG_IGN` akizaa mtoto akageuka programu nyingine, ile programu inaamka SIGCHLD imeshapuuzwa na haijui, inazaa watoto wake, inaita `waitpid` inaambiwa huna mtoto. Kosa la hivo unaweza kulitafuta wiki kwenye programu isiyo na hatia wakati kosa liko kwa aliyeiwasha.

Nyingine ya kuangalia ni `waitpid(-1)` yenyewe, maana -1 ni "mtoto yeyote". Kama kuna laibrari ndani ya programu yako nayo inazaa watoto wake kimya kimya, handla yako itawasoma na kuwafuta, laibrari ikija kuuliza inakuta ECHILD. Rekodi inasomwa mara moja tu. Fanksheni ya `system()` inajua hili, inaizuia SIGCHLD kwa muda mpaka imsome mtoto wake. Ukiwa unaandika laibrari, subiri watoto wako kwa namba zao, wa wenzio waache.

Sio vifo tu vinavyoripotiwa. Ukibonyeza Ctrl-Z mtoto anasimama, hajafa, na shelli inajua kwa sababu iliita `waitpid` na `WUNTRACED`, ndo inakuandikia imesimama na kukurudishia terminali. `WCONTINUED` ni ya aliyeendelea. Baiti ya chini ya aliyesimama ni 0x7f, na signali iliyomsimamisha inakaa baiti ya juu. Kama hizi za kusimama hazikuhusu weka `SA_NOCLDSTOP`, hodi zake hazitakuja.

Sasa mzazi akitangulia kufa? Watoto wake wanakuwa yatima, na ile ahadi ya kerneli inahitaji mtu wa kuipokea, kwa hiyo wanapewa mzazi mpya, prosesi namba 1, init, siku hizi kwenye Linux nyingi ni systemd. Kazi yake mojawapo ni kupokea yatima na kuwasoma wakifa. Ndo maana zombi asiyeuawika dawa yake ni kumuua mzazi wake, sio yeye: mzazi akiondoka zombi wote wanahamia kwa namba 1, naye anawasoma saa hiyo hiyo. Tangu Linux 3.4 ya 2012 prosesi anaweza kujitolea kuwa mlezi wa ukoo wake kwa `PR_SET_CHILD_SUBREAPER`, systemd ya kila yuza inafanya hivo, kwa hiyo usishangae yatima wako akionyesha mzazi ni 1430 na sio 1. Ile mbinu ya zamani ya kufork mara mbili ndo hii hii, unazaa mtoto, mtoto anazaa mjukuu afu anakufa haraka, unamsoma mtoto, mjukuu anakuwa yatima na hakudai tena kitu.

Kwenye kontena hii inageuka kuwa kero. Ndani ya kontena namba 1 ni programu yako yenyewe, na yatima wote wa humo wanaletwa kwake, na programu iliyoandikwa kuhudumia wavuti haijui habari za watoto ambao haikuwazaa. Zombi wanarundikana. Docker kuanzia 1.13 ina `--init`, inaweka kajiprogramu kadogo kanaitwa tini kawe namba 1, kazi yake kupokea watoto na kupitisha signali basi.

Kitu kingine ambacho watu wanakigundua wakiwa wamechelewa: anayeweza kumsoma mtoto ni mzazi tu. Babu hawezi, jirani hawezi. Wengine walikuwa wanabaki na `kill(pid, 0)` kuangalia kama namba bado ipo, na hiyo kwa zombi inasema yupo, na kwa namba iliyokwisha kupewa mtu mwingine inasema yupo pia. Kwa hilo Linux 5.3 ya 2019 ilileta `pidfd_open`, badala ya kushika namba unashika faili linalomuelekea prosesi mmoja huyo huyo hata namba yake ikija kutumiwa na mwingine, unaliweka kwenye `poll` pamoja na soketi zako, akifa linalia. Handla hamna, EINTR ya kukimbizana nayo hamna. 5.4 ikaruhusu `waitid` ipokee hilo faili moja kwa moja. Asiye mzazi naye anaweza kulishika akajua kwamba prosesi kaisha, ila kumsoma na `waitid` kumebaki haki ya mzazi. Kama unaandika seva mpya ya Linux leo mimi ningeanzia hapa, SIGCHLD niiachie kodi inayotakiwa kwenda na macOS.

Windows wao wamepita njia nyingine. Undugu wa mzazi na mtoto pale ni mwepesi sana, kinachohesabika ni kishikio, ile `HANDLE` unayopewa ukimwanzisha prosesi. Mwenye kishikio anasubiri kwa `WaitForSingleObject` afu anauliza `GetExitCodeProcess`, awe mzazi asiwe mzazi, na anaweza kuuliza mara kumi, jibu halifutiki kwa kusomwa. Rekodi inabaki kwenye kerneli mpaka kishikio cha mwisho kifungwe, kwa hiyo anayesahau `CloseHandle` naye anarundika maiti, ila hawaiti zombi. Namba ya kutokea ni ya biti 32, kubwa tu, isipokuwa 259 wameitumia kumaanisha bado yuko hai, kwa hiyo programu ikitoka na 259 anayeichunguza kwa `GetExitCodeProcess` peke yake ataambiwa inaendelea, leo, kesho na mwakani.